Mbwa Alisema Hayo Lini?

Swali hili niliulizwa darasani, katika chuo cha ualimu, na mwanachuo wa safu ya nyuma ambaye kwa kawaida hakuwa na neno. Tulikuwa tukichambua nafsi katika ushairi: nani anasema ndani ya beti, anamwambia nani, na mtunzi mwenyewe amejificha wapi. Kwa majivuno ambayo walimu wa ushairi tunayafahamu, nilikuwa nimeandika ubaoni ubeti wa shairi langu mwenyewe. Msemaji ni mbwa, na anayeambiwa ni bwana wake aliyerudi baada ya kutoonekana kwa muda mrefu. Ubeti wenyewe ni huu:

Bwana wangu umerudi, moyo wangu watulia,
Sikusahau ahadi, njia yako nangalia,
Sina kinyongo abadi, lote nimeachilia,
Mbwa hana ukaidi, bwanawe humlilia.

Wanachuo walihesabu mizani wakapata 16 katika kila mshororo (tukikubaliana, kama tulivyokubaliana siku ile baada ya mabishano, kwamba "mbwa" ni mizani mbili). Vina vya kati na vya mwisho havikuwa na mawaa. Ndipo yule kijana alipoinua mkono akauliza, "Mwalimu, mbwa alisema hayo lini?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikatoa maelezo marefu kuhusu tashihisi, kwamba mshairi ana idhini ya kumpa sauti asiye na sauti, na kengele ikaniokoa. Lakini njiani kurudi nyumbani nilijua kwamba sikuwa nimejibu. Kijana hakuuliza kama mbwa anaweza kusema. Aliuliza lini, yaani ni kitendo gani cha mbwa yule kilichonipa haki ya kuandika kwamba hana kinyongo nami. Tangu siku hiyo nimesoma kwa jicho la wasiwasi kila shairi ambamo mnyama wa nyumbani anamzungumzia mwenyewe, na nimeyasoma mengi, maana hili ni somo ambalo watunzi chipukizi hulipenda. Paka anamshukuru bibi kwa dagaa. Mbwa anaapa kulinda nyumba hata kufa. Hata kuku, ambaye kila mmoja wetu anajua mwisho wake, nimemkuta akimsifu mwenye banda. Ukiyakusanya mashairi hayo pamoja utapata baraza la wanyama wasiojua kusema neno lolote ila ahsante.

Nadhani tunakosea, na kosa linaanzia katika lugha kabla halijafika katika maadili.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Kiswahili hakikuwa na jina moja la mnyama anayewekwa nyumbani kwa mapenzi tu. "Mifugo" ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku: ni mali, nayo ina wizara yake. "Mnyama kipenzi" ni tungo ya siku hizi ya magazetini na redioni, na masikioni mwangu bado inasikika kama tafsiri. Tulicho nacho tangu zamani ni kitenzi "kufuga", nacho ni kitenzi cha ajabu. Mtu hufuga mbwa, lakini pia hufuga ndevu, hufuga kucha na hufuga nywele. Mwingine hufuga maradhi kwa kuogopa hospitali, na mwingine hufuga chuki. Angalieni kinachofanana katika hayo yote. Mwenye kufuga ndevu hana kazi aifanyayo isipokuwa kuacha kunyoa. Ndevu zinaota zenyewe. Yeye amezikubalia tu.

Paka wengi wa mitaa yetu hufugwa kwa maana hiyo ya ndevu. Hakununuliwa, hakuletwa. Alikuja siku moja akalala penye kivuli, hakufukuzwa, na kesho yake akaitwa "paka wetu". Wahenga wakalisemea jambo hilo: paka wa nyumba haingwa, na kuinga ni kule kufukuza kama tunavyofukuza ndege shambani. Sasa mtu akiniuliza paka huyo anamfikiriaje mwenye nyumba, sioni sababu ya kuanza na shukrani. Yamkini yeye anaona kwamba mahali pale palikuwa na kivuli, na ndani ya kivuli palikuwa na watu ambao, baada ya kuwachunguza, aliona hawana madhara makubwa, akawaacha waendelee kukaa. Kwa maana hiyo ya ndevu, yeye ndiye anayetufuga.

Kuna na suala la umilikishi, ambalo lilinipatia wino mwekundu mwingi. Sarufi sanifu inatutaka tuseme "paka wangu", "mbwa wangu", ingawa majina hayo yanafanana kwa umbo na majina ya ngeli ya I-ZI. Lakini tukifika kwenye uhusiano wa watu tunasema "rafiki yangu", "ndugu yangu", "jirani yangu", hata "adui yangu". Nilimkata alama mwanafunzi aliyeandika "paka yangu amepotea", na leo pia ningemkata, maana sheria ni sheria. Ila siku hizi ningesita kidogo kabla ya kuishusha kalamu. Mtoto yule, kwa kukosea, alikuwa amempandisha paka wake akamweka kwenye safu ya ndugu na marafiki. (Na ya maadui pia, nakubali. Wenye paka watanielewa.)

Lakini linalonigusa zaidi ni kiambishi cha nafsi. Mti unaanguka, jiwe linaanguka, kikombe kinaanguka. Mtu anaanguka na mbwa anaanguka. Lugha yetu ilikwisha amua, kabla ya mshairi yeyote kuzaliwa, kwamba sisi na mbwa tunaanguka kwa kiambishi kimoja. Tunapotaka kumdharau ndipo tunapomwondoa kwenye "a-" hiyo tukasema kijibwa kile kinabweka, au jibwa lile linabweka. Akibaki "mbwa" tu, sarufi inampa heshima ileile anayopewa mtu.

Sasa mtazameni mshairi anavyofanya. Anaichukua "a-" hiyo, ambayo ni ya wote wawili, anaitupa, na mahali pake anatia "ni-". Nafsi ya kwanza haina ngeli. Mti ukipewa sauti utasema "ninaanguka", jiwe litasema "ninaanguka", mbwa atasema "ninaanguka", na wote watasikika kama mtu, na hasa kama mtu aliyeshika kalamu. Tunadhani tumempa mbwa sauti, kumbe tumemvisha kanzu yetu tukamsimamisha mbele ya watu atusifu.

Hivyo sisemi kwamba mnyama asiseme kabisa katika fasihi. Fasihi yetu ina mnyama msemaji aliyesema vizuri kuliko wengi, naye ni paa wa hadithi ya Sultani Darai, moja ya hadithi za Unguja ambazo Edward Steere alizichapisha mwaka 1870. Walioisoma wataikumbuka. Kuna maskini anayepekua jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula anamnunua paa kwa mchuuzi apitaye. Watu wanamcheka: mtu asiye na chakula anaongeza mdomo. Paa anaanza kusema, anaomba ruhusa ya kwenda kujitafutia malisho mchana na kurudi jioni, na huko malishoni anaokota almasi. Anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kumposea bwana wake binti. Anamfanyia hila za mavazi ili aonekane mfalme. Anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la nyoka huyo pamoja na vyote vilivyomo.

Kisha paa anaugua. Anampeleka bi kizee kwa bwana amwambie kwamba mnyama wake hajiwezi, na bwana, ambaye sasa amezungukwa na kila aina ya chakula, anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu. Mke anamsihi mumewe, hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Na mwisho wake mnaujua: bwana yule anaamka akajikuta yuko jaani, anapekua mtama kama zamani.

Walimu wengi, na mimi nikiwemo, tumeifundisha hadithi hii kama hadithi ya utovu wa shukrani. Ni sawa, lakini kuna kitu nilichokipita miaka yote hiyo. Jina "Sultani Darai" si la maskini yule. Paa ndiye aliyelitoa. Alipofika kwa sultani na kuulizwa ametumwa na nani, alijibu kwamba ametumwa na Sultani Darai. Kwa kawaida sisi ndio tunaowapa wanyama wetu majina, tena mara nyingi majina ambayo hayawahusu. Nimeishi jirani na mbwa aliyeitwa Walimwengu, na mtaa mzima tulijua ni mlimwengu gani aliyekuwa akipigwa kijembe kila mbwa huyo alipoitwa kula. Katika hadithi hii mambo yamegeuka. Mnyama ndiye aliyempa mtu jina, na jina lenyewe ni la mtu ambaye hayupo.

Kwangu mimi, hilo ndilo jibu bora kabisa ambalo fasihi ya Kiswahili imelitoa kwa swali la mnyama anatufikiriaje. Paa hakumsifu bwana wake kwa wema aliokuwa nao. Alimwona mkubwa kuliko alivyokuwa, akasafiri akilitangaza jina hilo, na lilipokufa jicho lililomwona hivyo, bwana akarudi kwenye kimo chake.

Vitabu vya dini navyo havimtumii mnyama kusema ahsante. Punda wa Balaamu, katika kitabu cha Hesabu, anafunguliwa kinywa ili amuulize bwana wake sababu ya kumpiga mara tatu. Na katika hadithi ya Mtume ambayo kila mtoto wa madrasa ameisikia, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, paka hasemi chochote. Hakuitwa hata kutoa ushahidi. Kitendo kilitosha.

Niwatoe kidogo pwani niwapeleke Berlin, kwa mwalimu mwenzangu mstaafu. Wilhelm von Osten alikuwa amefundisha hisabati, na alipostaafu alimchukua farasi wake aliyeitwa Hans akaanza kumfundisha hesabu kwa subira ileile ya darasani. Hans akaweza. Akiulizwa jumla ya namba mbili, aligonga ardhi kwa kwato mpaka jibu likatimia, akaacha. Habari zikaenea, na mwaka 1904 ikaundwa kamati ya wataalamu kuchunguza kama pana udanganyifu. Haikuuona. Ndipo mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipofanya majaribio yake, aliyoyachapisha mwaka 1907. Aligundua kwamba farasi hushindwa kila anapokuwa haoni anayeuliza, na hushindwa pia ikiwa muulizaji mwenyewe halijui jibu. Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alichokijua ni mtu. Muulizaji, bila kujua, hukaza mwili akingoja kwato zifike kwenye jibu, na zikifika kichwa chake husogea kidogo sana. Farasi aliuona msogeo huo ambao wasomi walioketi pale hawakuuona, na ambao mwenye kichwa mwenyewe hakuusikia.

Von Osten hakuyakubali matokeo hayo, na namwonea huruma. Mwalimu akiambiwa kwamba mwanafunzi wake bora kwa miaka yote alikuwa akitazama uso wake badala ya ubao, atalia. Lakini nikiitafakari habari hiyo kama mshairi, naona Hans alikuwa na elimu kubwa kuliko ile aliyosingiziwa. Sisi tulitaka mnyama ajue tunachokijua. Yeye akawa anatujua sisi.

Jambo la karibu na hilo limeonekana kwa mbwa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio kuhusu ile sura ya hatia ambayo kila mwenye mbwa huapa kwamba ameiona: masikio chini, macho pembeni, mkia katikati ya miguu. Wenye mbwa waliambiwa, wakati mwingine kwa kweli na wakati mwingine kwa uongo, kwamba mbwa amekula chakula alichokatazwa. Ikaonekana kwamba sura ya hatia haikufuata kosa la mbwa. Ilifuata karipio la mwenyewe. Mbwa asiye na kosa lolote, akikaripiwa, alionyesha hatia sawa na mkosaji au kumpita. Ile tuliyokuwa tukiisoma kama toba ilikuwa habari kuhusu uso wetu.

Mtaniuliza haya yanahusu nini ushairi. Yananihusu mimi na ubeti ule wa ubaoni, na sasa ni wakati wa kueleza mbwa yule alikuwa nani.

Aliitwa Doria. Nilimpata akiwa mtoto, katika shule ya bara niliyofundisha nikiwa kijana, na jina lilitokana na tabia yake ya kumfuata mlinzi wa usiku akizunguka mabweni. Mchana alikuwa wangu, usiku alikuwa wa mlinzi. Barua ya uhamisho ilipofika katikati ya muhula, nilipata nafasi katika lori tuliloshirikiana kulikodi na mwalimu mwingine. Nilipakia meza, vitanda, jiko la mkaa na magunia mawili ya vitabu. Nafasi ya mbwa ingepatikana kama ningeacha gunia moja la vitabu. Sikuliacha. Nilimwambia mlinzi kwamba ningerudi kumchukua Doria wakati wa likizo, nikampa fedha kidogo ya dagaa. Lori lilipoondoka Doria alilifuata mpaka penye mteremko wa mto, kisha akasimama.

Likizo ilifika na sababu zake. Iliyofuata nayo vivyo hivyo. Nilirudi baada ya miezi 14, na si kwa ajili ya mbwa. Nilialikwa harusi ya mwenzetu. Jioni nikapita kwa mlinzi. Doria alikuwa amelala chini ya benchi lake. Nilimwita kwa jina. Akainuka, akaja, akaunusa mkono wangu kwa utulivu kama mtu anayesoma barua fupi, akatikisa mkia mara mbili, akarudi chini ya benchi. Mlinzi alipochukua tochi yake na kuanza mzunguko, Doria alimfuata. Hakugeuka nyuma.

Basi. Hayo ndiyo mbwa aliyosema, na ndipo aliposema.

Katika basi la kurudi nilitoa bahasha mfukoni nikaanza kuandika upande wa nyuma. Sasa mnaweza kuusoma ubeti ule upya na kuona ulivyotengenezwa. Moyo uliotulia kwa kurudi kwangu: haukutulia, maana haukuwa umefadhaika. Ahadi isiyosahauliwa: ahadi hiyo nilimpa mlinzi, mbwa hakupewa ahadi yoyote, naye aliyeisahau ni mimi. Kinyongo kisichokuwepo: hili huenda ni kweli, lakini sikuliandika kwa sababu nililiona, nililiandika kwa sababu nililihitaji. Nilitaka msamaha, na aliyekuwa na haki ya kuutoa hakuutoa wala hakuukataa. Nikajiandikia mwenyewe kwa jina lake, kwa vina.

Shairi lilipendwa. Lilisomwa mbele ya wazazi siku ya mahafali, na mama mmoja akaniambia limemliza. Hakuna aliyeuliza mbwa aliachwa na nani, kwa sababu nilikuwa nimeipanga lugha ili mtu asiulize: bwana "amerudi", kana kwamba alikuwa ametekwa.

Kilichoniuma jioni ile penye benchi hakikuwa hasira ya mbwa. Hasira ningeifahamu, pengine ningeifurahia, maana ingekuwa ushahidi kwamba nilikuwa mtu mkubwa maishani mwake. Kilichoniuma ni ile mitikiso miwili. Alinijua. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mtu ajulikanaye. Kisha akaenda kazini.

Mwaka 1905 Mjapani Natsume Soseki alianza kuchapisha katika jarida hadithi ambayo msimulizi wake ni paka asiye na jina, naye anakaa nyumbani kwa mwalimu. Nataja riwaya hii kwa sababu inavunja kanuni ninayoipendekeza na bado inafaulu. Paka yule anatumia "mimi", tena "mimi" ya makuu. Kijapani kina maneno mengi ya kujitaja, na neno alilochaguliwa paka, "wagahai", ni la bwana mkubwa anayejisikia. Nimejaribu kulitafutia nafasi katika Kiswahili nikashindwa. "Mimi" yetu ni moja kwa tajiri na kwa ombaomba. "Miye" ina uswahiba mno. Pengine ningemwacha paka aseme "sisi", kama masultani katika barua zao, aanze kwa kutujulisha kwamba sisi ni paka. Vyovyote iwavyo, siri ya Soseki ni kwamba paka wake hana haja ya kumfurahisha mwenye nyumba. Mwalimu hujifungia chumbani na watu wa nyumbani wote huamini anasoma kwa bidii. Paka ndiye ajuaye kwamba amelala na uso uko juu ya kitabu. Niliposoma hapo nilicheka, kisha nikamtazama paka aliyekuwa amelala dirishani kwangu, nikafunga kitabu.

Kwa hiyo sitasema kwamba "ni-" ni haramu. Nitasema kwamba mtunzi anayempa mnyama "ni-" ajiulize kwanza ni nani anayenufaika na maneno yatakayofuata. Ikiwa kila mshororo unamwacha mwenyewe akionekana mwema kuliko alivyoamka asubuhi ile, basi asemaye si paka. Na mtunzi asiye na uhakika abaki kwenye "a-". Humo mna mengi ya kutosha: namna anavyonusa, anakokwenda usiku, mlango anaoukwepa, mtu ambaye akiingia yeye hutoka. Paka aliyekomaa hawalilii sana paka wenzake kwa ule mlio wa nyau. Sisi ndio anaotulilia hivyo, kana kwamba ametutungia lahaja yetu peke yetu baada ya kuona hatuelewi nyingine. Mshairi anayeusikiliza mlio huo na kuandika umetoka saa ngapi, mbele ya mlango upi, atakuwa ameandika juu ya mawazo ya paka kuliko yule aliyemwandikia hotuba.

Nimerudi kwenye shairi la Doria. Daftari la zamani bado ninalo, na nimelifuta lote kasoro jina la mbwa. Nimelianza upya nikiwa nje ya ngozi yake, na mpaka sasa nina mishororo miwili tu ninayoweza kuiapia:

Mkono akaunusa, kisha akaangalia,
Mkia akatikisa, mara mbili, katulia,

Mshororo wa tatu ni wa mlinzi. Lazima ainuke kwenye benchi, achukue tochi, aianze njia ya mabweni, na kina cha kati kinadai "sa". Hii ni wiki ya tatu namtafutia kitenzi. Nilijaribu kumfanya "apapase" tochi, lakini mlinzi yule hakupapasa kitu maishani mwake. Alijua kila chombo chake kilipo. Mwenye neno anitumie.